Bili ya intaneti usiyoikubali: upige simu, uandike barua, uende TCRA au mahakamani?

Mimi na kaka mmoja jirani yangu huku Dodoma Makulu, ana hosteli ya wanafunzi, tulikuwa wateja wa kampuni moja ya intaneti na tukagombana nayo karibu kipindi kimoja kwa jambo linalofanana, yaani tumeshaacha huduma yao lakini bili zinaendelea kuja kila mwezi kama kawaida. Yeye mwishowe alilipa 247,800 ambazo hakupaswa kulipa. Mi sikulipa hata mia. Na sio kwamba najuana na mtu pale ndani, sijui hata jina la meneja wao. Tofauti yetu ni moja tu, yeye alikuwa anapiga simu na mi niliandika barua.

Nina duka la steshenari, watu wanakuja kujaza fomu za ajira, fomu za mikopo, kuprinti, kuskani, kwa hiyo intaneti kwangu ndio mtaji. Na kwa sababu ya hiyo kazi naona bili za watu wengi sana, mtu anakuja kuprinti bili yake huku anasonya, nikimuuliza umeshawaandikia ananiambia nimewapigia mara kumi. Ndio maana nimeamua niweke njia zote hapa pamoja, toka simu na barua hadi TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mahakama, kila moja inafaa wapi na inakwama wapi, ili ukifikwa uchague mapema usije ukapoteza miezi.

Kwanza ujue unagombania nini

Hapa ndio watu wengi wanapokosea, wanaenda na hasira zote kwa pamoja, bili kubwa, spidi ndogo, fundi hakuja, dada wa simu alinijibu vibaya. Tenganisha. Kuna ugomvi wa hela, kuna ugomvi wa mkataba yaani unataka kutoka na wao hawakuachii, na kuna ugomvi wa huduma yenyewe.

Wa hela, kabla hujawasha moto piga hesabu. Mimi siku nasaini niliambiwa elfu sabini kwa mwezi, bili ya kwanza ikaja 82,600 nikataka kwenda kuwafokea, kumbe ile 12,600 ni VAT asilimia 18 na kwenye karatasi waliandika bei ni kabla ya kodi, kwa maandishi madogo lakini yapo. Hapo ukienda kugombana unashindwa asubuhi. Ila kama karatasi inasema elfu sabini pamoja na kodi halafu bili inakuja 82,600, hapo una kesi nzuri kabisa. Hesabu nyingine ni ya mwezi nusu, kama mkataba unasema unalipia siku ulizotumia na umetoka tarehe 10, basi deni lako ni 82,600 gawa kwa 30 zidisha kwa 10, ni kama 27,533, sio bili ya mwezi mzima.

Wa spidi nao una mtego wake. Ukiambiwa 20 Mbps sio kwamba faili la MB 20 linashuka kwa sekunde moja, hizo ni biti, gawa kwa nane, unapata MB 2.5 kwa sekunde na hapo ndio kila kitu kiko sawa. Halafu usipime kwa waifai ukiwa chumba cha tatu, kuta za tofali zinakula mawimbi vibaya mno, chomeka kebo moja kwa moja kwenye rauta ndio upime, asubuhi, mchana na saa mbili usiku, siku saba mfululizo, kila kipimo piga skrinshoti yenye tarehe na saa. Skrinshoti 21 zinaongea kuliko wewe kusema intaneti yenu ni mbovu. Na saa ambazo umeme ulikatika kwako usiziingize, wataanzia hapo hapo kukuvuruga.

Simu na barua

Simu ina faida yake sikatai. Kama intaneti imekatika sasa hivi na una watu kumi dukani, piga simu, kwa mitandao ya simu ni 100, wanaweza kukuwashia upya wakiwa huko huko. Kosa dogo kama malipo hayajasoma, namba ya kumbukumbu ya malipo imekataa, piga simu utamaliza leo leo.

Lakini ugomvi wa deni au wa mkataba usiupeleke kwenye simu peke yake. Kaka wa hosteli aliniambia amepiga mara 14. Kila akipiga anapokea mtu mwingine, anaanza kuhadithia upya toka mwanzo, rauta nilirudisha, nilimpa wakala wenu, ndio kaka, tutalifanyia kazi kaka, pole sana kaka. Rauta kweli aliirudisha, alimpa kijana wa pale kwa wakala, akaambiwa nenda tu imeshaingia. Hana risiti. Hana namba ya tiketi hata moja kati ya hizo simu 14, hakuomba na wao hawakumpa. Ilipofika bili ya tatu akaanza kupigiwa na watu wa kukusanya madeni, anapigiwa hadi yuko msibani, akachoka akalipa. Nilimuuliza kwa nini, akasema dada yangu mi nina wapangaji 30 sina muda wa kubishana na simu. Namwelewa kabisa. Ndio hivyo watu wanavyolipa.

Mimi nilihama na duka kutoka Nkuhungu, fundi wao akaja huku Makulu akapima akasema mawimbi hayafiki. Mkataba wangu ulikuwa unasema kampuni ikishindwa kuhamisha huduma mteja anatoka kwa notisi ya siku 30 bila faini. Nikaandika barua ukurasa mmoja, nikaitoa kopi mbili, nikaenda nayo ofisini kwao. Dada wa mapokezi akaipokea akasema sawa dada tutakupigia, nikamwambia naomba unigongee muhuri kwenye kopi yangu. Akasema muhuri anao bosi. Nikakaa kwenye kiti. Baada ya kama dakika ishirini akafungua droo, muhuri ulikuwemo humo humo, akagonga lakini wino ulikuwa umefifia neno IMEPOKELEWA halisomeki, nikamwomba agonge tena na aandike tarehe kwa mkono na asaini. Akafanya. Ile karatasi ndio imeniokoa, yaani bila ile ningekuwa na hadithi tu kama ya jirani yangu.

Kwenye barua yenyewe usiandike insha ya uchungu. Weka namba ya akaunti, tarehe ya mkataba, namba ya kifungu unachokitegemea, nini kilitokea na tarehe zake, halafu unachotaka kwa shilingi kamili au kwa tendo kamili, mfano naomba mfute bili tatu jumla 247,800 na mnipe barua kuwa sidaiwi. Mwisho kabisa andika Nakala: TCRA, Kanda ya Kati, Dodoma. Mimi naamini huo mstari mmoja ndio uliowaamsha maana nilijibiwa siku ya kumi na mbili, bili zikafutwa, sikulazimika kwenda mbele zaidi.

Kama Dodoma kampuni yako ina wakala tu na ofisi kubwa iko Dar, wakala anaweza asiwe na mamlaka ya kupokea malalamiko hata akikubali. Tuma barua pepe, hiyo ina tarehe yake na haikataliki kirahisi, na kama unataka karatasi tuma kwa EMS ya Posta unapata risiti na mzigo unafuatilika. Kutuma kwa basi kunafika haraka lakini baadaye ukiulizwa nani alipokea huna cha kuonyesha. WhatsApp ni bora kuliko simu ila ni chini ya barua pepe, watu wanafuta meseji na namba zinabadilishwa.

TCRA na Baraza la watumiaji, sio kitu kimoja

Watu wanachanganya hizi mbili kila siku. TCRA ndio msimamizi, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndio inatoa leseni kwa hizi kampuni. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, hili la TCRA-CCC, limeanzishwa na sheria hiyo hiyo lakini kazi yake ni kukusemea wewe mtumiaji, kukuelimisha, kukuelekeza, kupeleka hoja za watumiaji kwa msimamizi na serikalini. Baraza haliamui kesi wala haliwezi kuiamuru kampuni ikurudishie hela. TCRA ndio yenye meno.

Sasa uchague lipi? Kama hujui uanzie wapi, hujui hata kama una haki, au tatizo ni la mtaa mzima kwa mfano kampuni imeacha kuhudumia eneo lenu lote, nenda Baraza, hapo sauti yenu ya pamoja ina kazi. Kama una deni lako na kopi yako yenye muhuri na majibu ya kampuni ambayo hayajakuridhisha, nenda TCRA moja kwa moja, ofisi ya kanda ipo hapa hapa Dodoma huna haja ya kupanda treni kwenda Dar.

Ila TCRA hawataki uwarukie. Utaratibu ni kwamba kwanza ulalamike kwa mtoa huduma mwenyewe, naye ana siku 30 za kulimaliza, zikipita kimya au akikujibu ovyo ndio unapanda kwao ukiwa na ushahidi kwamba ulishalalamika. Hapa ndio unaona kwa nini nang'ang'ana na muhuri, siku 30 zinahesabiwa kuanzia lini kama huna tarehe? Kaka wa hosteli angeenda TCRA angeulizwa hilo swali la kwanza kabisa. Huduma ya kusikiliza malalamiko hailipiwi, na huhitaji wakili. Kitengo cha malalamiko kinajaribu kuwapatanisha kwanza, ikishindikana linaenda kwenye kamati, na kamati ina nguvu ya kuamuru kampuni irudishe hela, itoe huduma iliyoahidi au ilipe fidia. Asiyeridhika anakata rufaa Baraza la Ushindani, hili ni baraza lingine tena la kisheria usije ukalichanganya na lile la watumiaji.

Na ujue unasimama juu ya nini ukifika pale. Zipo Kanuni za kumlinda mtumiaji za mwaka 2018, zimetungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, wanaiita EPOCA, zinamtaka mtoa huduma atoe bili sahihi, kwa wakati, na inayoweza kuhakikiwa. Hilo la kuhakikiwa ndio zuri. Maana yake ukiandikiwa deni la laki mbili una haki ya kuuliza laki mbili ya nini, mwezi gani, kifurushi gani, na jibu la mfumo ndio unasema hivyo dada sio jibu.

Wenye bando za kawaida za simu nao wasikae kimya, toka Aprili 2021 kampuni zinatakiwa zikutaarifu bando likifika asilimia 75 na likiisha lote, kwa hiyo kama bando linayeyuka bila meseji yoyote hilo nalo ni lalamiko kamili, njia ni ile ile.

Udhaifu wa TCRA ni muda. Ukijumlisha siku 30 za kampuni na muda wa upatanisho unaweza kukaa miezi, na kama kampuni imekukatia intaneti wakati mnagombana na duka linategemea hiyo, utateseka. Kwa hiyo wakati lalamiko linaendelea tafuta intaneti nyingine ya kulipia kabla, hata rauta ya laini, usikae bila kazi ukisubiri haki.

Tume ya Ushindani, FCC, niitaje haraka. Hiyo inafaa kama ulidanganywa kwenye tangazo, waliandika bila kikomo halafu ukifika kiwango fulani wanabana spidi na hawakusema popote. Kwa bili yako binafsi mi nisingeanzia huko.

Mahakama

Kuna watu wakikasirika neno la kwanza ni nitawapeleka mahakamani. Mahakama ya Mwanzo iko karibu, inaendeshwa kwa Kiswahili, unaweza kusimama mwenyewe, na inasikiliza madai ya deni la mkataba. Kwa mtu anayedai fundi wa magari au mteja aliyekopa ni njia nzuri sana. Kwa kampuni ya mawasiliano mi naiona ni ya mwisho, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, Mahakama ya Rufani ilishaamua kwenye kesi ya mteja wa umeme kwamba sheria ikiweka msimamizi wa sekta na utaratibu wa malalamiko, mteja aanzie huko, kule kwenye umeme ni EWURA, msimamizi wa nishati na maji. Mawakili wa kampuni wanaijua hiyo hoja vizuri mno na kwenye mawasiliano wataitumia vile vile, kwamba hukupita TCRA. Unaweza kumaliza miezi sita mnabishana tu kama uko mlango sahihi, hata bili haijaguswa. Ya pili ni hesabu tu, deni ni 247,800, una ada ya kufungua, nauli, na siku ambazo duka limefungwa. Mi dukani siku ya wanafunzi kujaza fomu za mikopo siwezi kufunga hata saa moja.

Mahakama ina maana pale hasara yako imezidi bili yenyewe, mfano walikukatia kimakosa ukapoteza tenda na una karatasi za kuonyesha. Hapo usiende mwenyewe, tafuta wakili kwanza akusomee mkataba, maana mikataba mingine ina kifungu cha usuluhishi na inabidi mpite huko.

Au ulipe uondoke?

Hili watu wanaona aibu kulisema lakini ni chaguo halali. Kama umebakiza miezi miwili kwenye mkataba wa 12 na unataka kutoka kwa sababu tu umepata bei nafuu kwingine, kampuni haijakukosea kitu, lipa uondoke kwa amani. Wala usitupe rauta ukazima simu, deni linabaki pale na rauta watakudai pia.

Ila kama faini ya kutoka mapema ni kubwa ajabu, umebakiza miezi miwili wanataka miezi sita, usikubali haraka. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema hata kama mkataba umetaja kiasi cha faini, aliyevunjiwa mkataba anastahili fidia ya haki isiyozidi kile kiasi. Kiasi kilichotajwa ni dari, hakimaanishi lazima ulipe chote. Kitaje hicho kifungu kwenye barua, pendekeza kiasi unachoona ni cha haki na uwape tarehe. Mama mmoja mwenye saluni pale Sabasaba nilimwandikia barua ya hivyo, alidaiwa miezi mitano wakakubaliana miwili.

Kwa hiyo mimi leo ningeenda hivi. Intaneti imekatika, simu. Bili au mkataba, barua yenye muhuri siku hiyo hiyo, sisubiri bili ya pili. Siku ya 31 TCRA. Baraza kama sijielewi au tuko wengi. Mahakama labda hasara ni ya mamilioni na wakili amesema twende. Kulipa, pale tu ambapo hesabu inaonyesha kweli nadaiwa.

Kaka wa hosteli alidhani yake imeshaisha kwa kuwa ameshalipa. Nimemwambia hapana, madai ya mkataba kisheria ukomo wake ni miaka 6, bado yuko ndani kabisa. Meseji za malipo yote matatu anazo kwenye simu, na zile simu 14 kampuni yake ya simu inaweza kumpa orodha yenye tarehe. Kinachotusumbua ni rauta, lakini juzi kapata boksi lake stoo, stika yenye S/N, yaani namba ya rauta yenyewe, bado ipo imara, kwa hiyo tunawaandikia watuambie hiyo rauta namba fulani iko wapi sasa hivi, kama iko kwa mteja mwingine basi ilirudi. Barua iko kwenye kompyuta yangu, Jumatatu anakuja kusaini.